Kirusi tunakiingiza wenyewe

Juzi mpwa wangu alirudi kutoka steshenari alikokwenda kuchapisha barua ya kuomba field, yaani mafunzo kwa vitendo. Kurasa mbili tu. Alipochomeka flashi kwenye laptopu yangu akapiga kelele: "Mjomba, kazi zangu zote zimefutika!" Kila folda ilikuwa na kamshale kadogo kwenye kona. Nikamdaka mkono kabla hajabofya.

Hakikuwa kimefutika kitu. Kirusi cha namna hiyo huficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato badala yake. Ukibofya, umekikaribisha ndani. Amri ya Windows, attrib -h -r -s /s /d, niliyoiandika kwenye Command Prompt, iliyafichua yote. Tukahamisha nyaraka zake peke yake, flashi tukaifomati. Sasa hivi akitaka kuchapisha anamtumia mwenye duka PDF kwa WhatsApp.

Lakini flashi ni kibaka tu. Jambazi ni "crack", yaani kiprogramu cha kuvunja kufuli la programu ya kulipia ili uitumie bure.

Mwaka juzi fundi mmoja aliniwekea Windows na Office, vyote "full". Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikitazama. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, kwa sababu ingekamata ile programu yake ya kuamilisha. Yaani mlinzi anafukuzwa ili mgeni apite, na mimi mwenye nyumba nimeshika soda! Kisha akazima masasisho, "yasikumalizie bando, bosi." Nikamshukuru na kumlipa.

Hilo la bando nalielewa, maana silipiwi intaneti na mtu. Ila kumbuka kirusi cha WannaCry. Microsoft walitoa kiraka cha kuziba mwanya kilichoupitia Machi 2017. Kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Dawa ilikuwepo, kompyuta nyingi hazikuwa zimeinywa. Ndiyo maana siku hizi, kabla mtu hajaniuliza anunue antivirusi gani, namwambia hela hiyo anunulie bando la usiku, aache masasisho yashuke akiwa amelala. Defender inakuja bure ndani ya Windows, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kabisa ukiiacha ifanye kazi. Wenye Windows 10 wana tatizo jingine: msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba haziwezi kubeba Windows 11. Hao nawashauri wajaribu Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, japo najua wengi watanuna.

Picha za familia nimeziweka kwenye diski ya nje. Naichomeka Jumapili, nanakili, naichomoa, inarudi kabatini. Ikibaki imechomekwa, siku kirusi kikifunga mafaili ya laptopu, nayo itafungwa.

Ile Windows ya fundi niliifuta, Office ikaondoka nayo. Barua ya field mpwa wangu aliiandika kwa LibreOffice, ya bure, na huko alikoipeleka hakuna aliyeuliza.