Fundi, Tuongeze Saruji!

Mvua zikikata mwezi Mei, Kigoma nzima tunajua ukuta upi ulikuwa unatudanganya. Kuanzia Gungu hadi Ujiji lipu imelala chini ya madirisha vipande vipande, na tofali limechungulia nje, jekundu, kama linaona haya. Mwenye nyumba anafanyaje? Anamwita fundi yuleyule wa mwaka jana, na fundi anakuja na dawa ileile: "Bosi, hapa tuongeze saruji, ikaze."

Ikaze nini? Tofali la kuchoma lililojengewa kwa udongo ni laini, linakunywa maji na kuyatoa. Wewe unalivalisha koti la saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, na niru, ule uji mzito wa saruji wa kulainisha, juu. Koti likikauka linasinyaa, linapata nyufa nyembamba kama nywele. Maji yanaingilia humo, pa kutokea hayana. Mvua zijazo linabanduka lote, tena limeondoka na uso wa tofali. Hapo utasikia saruji za siku hizi feki. Masikini saruji, kesi zote zake.

Gonga kwanza. Kifundo cha kidole kinatosha: panapoitika bwo bwo kama debe tupu la mawese, pameachia. Bandua mpaka ufike panapoitika ko ko. Hapa watu huingiwa na huruma ya ajabu, wanabakiza lipu iliyokwisha kuachia ati waokoe nusu mfuko!

Halafu chokonoa udongo kwenye viungo vya matofali, sentimita 2 kwenda ndani, ufagie. Vumbi likibaki, lipu itashika vumbi. Lowesha ukuta mpaka upunguze kiu, lakini usiwe unatiririka, kisha changanya saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga uliochekechwa ndoo 6. Ndoo, si chepe, maana chepe la saruji huwa jembamba na la mchanga huwa mlima. Chokaa fundi atakicheka, atasema hicho cha kupaka nyumba Idi ikikaribia. Mwache acheke, wewe mimina. Safu ya kwanza irushwe kwa mwiko, nyembamba, ikwaruzwe ikiwa bado mbichi. Ya pili kesho yake, isizidi sentimita 1 na nusu. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku hizo saba fundi haonekani wala simu haipatikani, keshalipwa.

Ufa unaopanda ngazi kwenye viungo kutoka kona ya dirisha, huo usiukimbilie. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe. Baada ya mvua ukiuvuka mstari, msingi unatembea, na lipu haijawahi kuzuia msingi kutembea.

Ila mchawi mwenyewe yuko juu, ni bati. Limeishia sentimita 20 kutoka ukutani, chini hakuna mtaro, kila tone linachimba udongo mwekundu na kuurusha ukutani mpaka usawa wa goti. Lipu inaanzia kuoza hapohapo. Bati litoke sentimita 60, mtaro uchimbwe, ndipo umwite fundi.

Na huu mji ni vilima, mtaro wa jirani wa juu unaishia nyuma ya chumba chako cha kulala. Ukimwambia, anakujibu: "Maji yanajua njia yake, jirani."

Yanajua, ndiyo. Si ameyachimbia mwenyewe!