Pikapu mpya: kuiwahi au kuingoja bei ishuke?

Jeep iliacha kutengeneza pikapu mwaka 1992 ilipoachana na Comanche, na mashabiki wake wakangoja miaka 27. Gladiator ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2019, bei ya kuanzia ilikuwa dola 33,545, mbali na dola 1,495 za kulifikisha gari kwa muuzaji. Malalamiko hayakukawia, kwani Ford Ranger ilikuwa imerejea katika soko hilohilo kwa dola 24,300. Pikapu mbili za ukubwa wa kati, tofauti dola 9,000 na ushei!

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikuwa ya haki. Ranger ya bei hiyo ilisukumwa na matairi ya nyuma tu, na viti vyake vya nyuma vilikuwa vya kubanana. Gladiator ya chini kabisa ilikuwa 4x4 yenye milango minne kamili, injini ya V6 ya lita 3.6, na paa na milango ya kung'oa. Ukiipandisha Ranger hadi zilingane, sehemu kubwa ya pengo inayeyuka. Watu hubishana sana juu ya bei ya kuanzia, ilhali wachache mno ndio hununua gari la bei hiyo.

Kampuni nazo zinalijua hilo. Gladiator Rubicon, toleo la juu ambalo ndilo lililopamba matangazo, ilianzia dola 43,545. Kisha likaja toleo la uzinduzi: magari 4,190, oda siku moja tu, Aprili 4, 2019, kwa zaidi ya dola 60,000. Hapo mnunuzi analipia kuwa wa kwanza, basi. Mauzo ya Gladiator zote yalipanda hadi karibu magari 90,000 mwaka 2021, yakaporomoka hadi karibu 55,000 mwaka 2023, na wauzaji wakaanza kukata bei. Aliyevuta subira alifaidika, ingawa ilibidi kwanza avuke kipindi cha uhaba wa chipu za kielektroniki za magari, wauzaji walipokuwa wakipandisha bei watakavyo.

Lakini subira huponza pia. Ford Maverick, ndogo kidogo kuliko hizi, ilitangazwa mwaka 2021 kwa dola 19,995 ikiwa na mfumo wa haiburidi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme). Kufikia Januari 2022 Ford ilikuwa imefunga oda za mwaka huo kwa kuzidiwa. Leo haiburidi hiyohiyo imepita dola 26,000. Waliokimbilia mapema ndio waliopata nafuu.

Kwa maoni yangu, tofauti iko kwenye ushindani. Tangu 1964 Marekani hutoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu nyingi zinazotoka nje (ulianza kama kisasi cha ugomvi wa biashara ya kuku na Ulaya, amini usiamini), na hiyo ni sababu mojawapo ya Hilux kutouzwa huko. Maverick ilipofika haikuwa na mpinzani wa bei yake, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kupanda tu. Gladiator ilikuwa na wapinzani huku na huku: chini yake Ranger na Toyota Tacoma, juu yake pikapu kubwa. Kwa dola 43,545 za Rubicon, mtu angeweza kuondoka na pikapu kubwa yenye injini ya V8, na muuzaji wa Jeep alilijua hilo kabla mteja hajafungua mdomo.