Lochi Hali Uchafu

Lochi wangu watatu wa kwanza, samaki wadogo wa vijito, waliuawa na maneno manne: "Huyu hula uchafu tu." Aliyeyasema ni muuzaji mmoja wa Nairobi, nami nikayaamini. Niliwaleta Nakuru kwa matatu, kilomita 160 hivi, ndoo ikiwa mapajani na kipampu cha hewa cha betri kikinguruma njia nzima. Nyumbani nikawatia kwenye tangi nililokuwa nimelisugua mpaka vioo vikang'aa, nikiona ninawatendea wema. Hawakuugua. Hawakuwa na kidonda wala doa. Walikonda tu, polepole, na katika wiki ya saba wa mwisho akaachia kioo akalala chini.

Nimeandika haya kwa sababu bado maneno yale yanatumika. Mtu akilalamika kwamba tangi lake limeota kijani, anauziwa lochi wa vijito kama anavyouziwa sabuni. Mimi nasema samaki huyu analishwa, tena chakula chake kinaanza kuoteshwa kabla yeye hajafika nyumbani. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo asimnunue.

Kwanza tumjue. Anayepatikana zaidi ni Sewellia lineolata, anayetoka vijito vya Vietnam ya kati. Kuna ndugu zake: Beaufortia wa kusini mwa China, na Gastromyzon wa kisiwa cha Borneo. Wote ni wadogo. Sewellia hufika sentimita sita hivi. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mtoto wa yule samaki wa baharini aitwaye taa: bapa, mapezi ya kifua na ya tumbo yametandazwa pande zote kama ukingo wa sahani. Kwa mapezi hayo hujigandisha juu ya jiwe mahali ambapo maji yanakimbia kiasi cha kumsomba samaki mwingine yeyote. Mdomo uko chini ya kichwa. Hutembea juu ya jiwe akikwangua.

Anakwangua nini? Ule utelezi unaokuangusha ukivuka mto bila viatu. Ndani yake mna mwani laini, bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho na viluwiluwi vidogo vya wadudu. Ni shamba zima, lenye majani na nyama. Kinyesi cha samaki wengine na mabaki ya chakula kilichooza havimo katika shamba hilo, na kwa kweli ndivyo vinavyomdhuru, kwa sababu hutoa sumu ya amonia naye amezoea maji yanayopita na kwenda zake. Hata zile nyuzi ndefu za kijani zinazomkera mwenye tangi hazigusi.

Sisi wa Nakuru tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Heroe wadogo waliolipa ziwa letu jina duniani hula mwani, ule wa jamii inayouzwa madukani kwa jina la spirulina. Ziwa lilipoanza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010 na maji yake kupungua chumvi, mwani ule ulipungua na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Walifuata chakula. Lochi aliyefungiwa ndani ya kioo hana Bogoria ya kuhamia.

Kwangu sasa kazi inafanyika kwenye roshani. Nina mabeseni matatu ya plastiki yanayopigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na ndani yake nimepanga mawe ya mtoni, laini, ya ukubwa wa ngumi. Mawe yetu ya hapa mengi ni ya volkeno, yana makali na vishimo, yanaweza kumchubua tumbo samaki anayeishi amejibandika. Shemeji yangu wa Vihiga aliniletea nusu gunia kutoka ukingoni mwa Mto Yala. Niliyasugua kwa brashi bila sabuni, nikayaanika siku kadhaa. Usiyachemshe motoni, jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka.

Mabeseni hujazwa maji niliyoyatoa tangini siku ya kubadilisha maji, maana yana mbolea ambayo mwani unaipenda. Juu natandaza kipande cha chandarua kikuukuu, la sivyo jirani wa chini ataumwa na mbu niliowafuga mimi. Kwanza mawe hupata utando wa kahawia, mwembamba, kama mtu amelipaka jiwe chai. Watu huuosha wakidhani ni uchafu. Uacheni! Huo ndio wanaoukimbilia kuliko wote. Baadaye huja kijani. Kwa jua letu, tulio karibu na ikweta, wiki mbili au tatu zinatosha, ingawa mwezi wa Julai, Nakuru inapokuwa na mawingu na baridi, nangoja zaidi.

Kila Jumapili natoa mawe manne yaliyoliwa na kuingiza manne yaliyoota. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilivuta kiti nikakaa. Hazikupita dakika kumi kabla ya lochi wangu wapya, wote sita, kuwa juu ya mawe mapya, wakienda na kurudi, na kila walikopita paliachwa kijia cheupe, kama shamba linalofyekwa mstari kwa mstari. Nilikuwa nimewafuga wale watatu wa kwanza wiki saba na sikuwahi kuwaona wakila hivyo hata siku moja. Iliniuma.

Mawe peke yake hayawatoshi sita, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nawapikia. Nachukua omena, yaani dagaa, waliokaushwa, nawaosha mchanga wote utoke, nawasaga. Spinachi naichemsha kidogo mpaka ilegee, nayo nasaga, sehemu tatu za mboga kwa moja ya omena. Halafu nachanganya na jelatini iliyoyeyushwa kwa maji moto na kuupaka mchanganyiko huo juu ya jiwe bapa. Ukishaganda kwenye friji, jiwe linaingia tangini mzima mzima. Hii ni bora mara nyingi kuliko vidonge, kwa sababu samaki huyu ameumbwa kukwangua. Kidonge kinacholegea na kutapakaa mchangani kinamshinda. Kinachobaki baada ya saa tatu nakitoa. Mboga ni zangu mwenyewe, nilizozipanda kwenye gunia. Za sokoni sizitumii tena, kwani sijui zilipuliziwa nini, na dawa za ukungu zenye shaba ni hatari kwa samaki wa aina hii.

Ukitaka kujua kama ameshiba, hahitaji kukuambia. Subiri ajibandike kwenye kioo cha mbele, umtazame tumbo. Likiwa limejaa kidogo, sawa. Likibonyea ndani, una njaa nyumbani mwako, na usijipe moyo kwamba atazoea.

Sasa maji. Anataka joto la nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, na hapa Nakuru tangi hukaa humo karibu mwaka mzima bila kifaa chochote. Watu wengi hukomea hapo wakifurahi. Lakini mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Maji ya nyuzi 20 pwani yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa yanabeba 7 na kitu. Baridi, inayoyasaidia maji kubeba oksijeni, imetupa kwa mkono mmoja, mwinuko umechukua kwa mwingine. Ndiyo maana sikubali tangi la lochi lenye kichujio kidogo kinachotoa mapovu mawili matatu. Langu ni la lita 90 na pampu inasukuma lita 1,000 kwa saa, ikielekezwa juu ya mawe, na uso wa maji unavurugika muda wote. Mdomo wa kuvutia maji nimeufunika sponji. Juu pana kifuniko kisicho na mwanya, kwa kuwa anayepanda maporomoko hashindwi na kioo.

Stima ikipotea, kijito kinakuwa dimbwi. Kipampu cha betri kikae kando ya tangi, betri zikiwa ndani, si kwenye droo ya chumba kingine.

Visima virefu vya Nakuru mnavijua, meno yetu yanasema: floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno rangi ya kahawia, na maji yenye magadi. Mimi nachanganya nusu ya maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini ikatoka, na nusu ya maji ya mvua, nikishaacha mvua ya kwanza ioshe mabati. Mvua tupu haifai, haina madini. Na tangi lenyewe liendeshwe miezi mitatu, taa ikiwaka saa kumi kwa siku, kabla ya samaki wa kwanza kuingia. Wananiambia ni muda mrefu. Kwa samaki anayekula kile kilichoota, tangi la wiki moja ni nyumba isiyo na jiko.

Nimewawekea samaki wadogo waitwao danio kama majirani, wanavumilia baridi na hula karibu na uso wa maji. Tilapia na samaki wa dhahabu, hapana.

Ndugu yangu anayeishi Mamboleo, Kisumu, aliwaona lochi hawa Krismasi iliyopita na tangu siku hiyo anawataka. Amenipigia tena juzi. Anasema atapuliza feni juu ya maji, atatumbukiza chupa za barafu. Nimemwuliza tangi lake lilisoma nyuzi ngapi saa nane mchana, akanyamaza kidogo, akasema 28. Feni itamshushia nyuzi mbili au tatu, barafu itawapandisha na kuwashusha samaki kila siku kama wenye homa, na siku stima ikikatika mchana vyote viwili vitasimama pamoja. Anaishi kando ya ziwa lenye fulu, samaki wa rangi za ajabu waliozoea joto hilohilo, ambao aina nyingi zao zilipotea baada ya sangara kuletwa. Nimemwambia ajifunze kufuga hao, nami nitamsaidia kutafuta mawe. Lochi simpi. Amekasirika kidogo, ila Jumamosi anakuja kula, na nitamkalisha mbele ya tangi nikiwa naingiza mawe mapya.