Nilivyofuata Ramen Nikaangukia Soba

Tangu jana yake saa kumi jioni sikuwa nimetia kitu tumboni. Nilikuwa naandaa nafasi. Wenzangu wa Sendai, huko Japani nilikokuwa nasoma, walinitia wazimu kwa kunisimulia mji mdogo wa mkoa wa Fukushima uitwao Kitakata, ambako watu wanaamkia ramen, yaani tambi za supu, kama sisi tunavyoamkia chai na chapati. Wenyewe wanaiita asa-ra. Wanasema mambo yalianza miaka ya 1920, kijana mmoja kutoka China akiuza tambi kwa mkokoteni, na leo kwa sifa ya ramen ukitajiwa Sapporo na Hakata, wa tatu ni Kitakata. Mtu mwenye akili timamu angemalizana na mgahawa wa karibu na bweni. Mimi nikapanda basi hadi Aizu-Wakamatsu, nikalala kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu unagonga ukuta, na asubuhi mapema nikawa ndani ya treni.

Treni yenyewe mabehewa mawili ya dizeli, inajikokota katikati ya mashamba ya mpunga. Behewa letu tulikuwa mimi na bibi mmoja mwenye furushi. Mdomo ukaniponyoka: "Shikamoo." Bibi akainama. Nikainama. Akainama tena, chini zaidi. Tuliendelea hivyo mpaka mgongo wangu ukaomba suluhu.

Tulipokaribia Kitakata nilishasimama mlangoni, begi mgongoni, shati limechomekewa kama bwana harusi. Treni ikasimama. Mlango haukufunguka. Mjini milango hujifungua yenyewe, kwa hiyo nikasubiri. Nikautazama mlango, nao ukanitazama. Nje, walioshuka kwenye behewa la mbele walikuwa wanapita zao. Pembeni kulikuwa na kitufe kinawaka taa, lakini mimi nimelelewa kutogusa kitu kinachowaka taa nisichokijua. Nikajua hicho ni cha dharura, ukikibonyeza wanakuja polisi. Kwetu Mwanza ningegonga bodi na kupaza sauti "Shushaaa!", konda angenitukana kidogo, lakini ningeshuka. Huku konda hayupo, dereva ndiye kila kitu. Kuja kulikumbuka neno la Kijapani la kuombea msaada, treni ilishang'oa nanga, na Kitakata inapita dirishani pamoja na supu yake.

Kituo kilichofuata ni Yamato. Bibi akanishika mkono hadi mlangoni, akanyoosha kidole chembamba, akabonyeza kile kitufe. Mlango ukafunguka. Hakusema neno, ila uso wake ulisema, "Umeona, mjukuu wangu?"

Treni ya kurudi ilikuwa baada ya saa kadhaa. Nikamwandikia dada yangu Mwanza: "Dada, nimepitishwa kituo."

"Si ungegonga bodi, mdogo wangu?"

Niligundua mambo mawili. Kwanza, tangu 2006 Yamato ni sehemu ya Kitakata, kwa hiyo kisheria nilikuwa nimefika. Pili, watu wa Yamato hawana habari na ramen yako. Huko ni soba tu, tambi za aina nyingine: mabango ya soba, picha za soba, na wageni wanaosafiri mbali kuifuata soba hiyohiyo. Nikazunguka na njaa yangu mpaka saa tano, mgahawa ulipofungua.

Soba ikaja baridi, tambi nyembamba za rangi ya kijivu juu ya kichanja cha mianzi, na kikombe cha mchuzi wa kuchovyea. Nilikula kwa fujo. Nilipomaliza, mama mwenye mgahawa akaweka mbele yangu birika la maji ya moto yenye ukungu kidogo, akaondoka kwa heshima.

Machozi yalinilengalenga. Tangu nije Japani hakuna aliyekuwa ameniletea maji ya kunawa baada ya chakula. Nilikuwa nimekula kwa vijiti, mikono misafi kabisa, lakini adabu ni adabu. Nikainua birika kwa mkono wa kushoto, nikanawa wa kulia juu ya kile kichanja, nikasugua hadi kwenye kucha. Kichanja cha mianzi, nadhani mnajua, hakizuii maji. Yalipita mezani, yakatoka mezani yakaja kwenye suruali.

Mama alikuwa ameganda mlango wa jikoni.

Kwa ishara nyingi akanielewesha: yale ni maji yaliyochemshiwa soba. Unayamimina kwenye mchuzi uliobaki, unakunywa. Nilikuwa nimenawia kinywaji. Akaniletea birika la pili na akasimama palepale kuhakikisha. Ni matamu, kwa kweli, kama uji mwepesi sana wenye chumvi.

Alasiri nikarudi. Kile kitufe nilikibonyeza kabla treni haijasimama, nikakibonyeza tena, nikakibonyeza mpaka mwanafunzi mmoja akavua vidude vya masikioni kunitazama. Ramen nikaipata: tambi pana zilizopinda-pinda, vipande vya kitimoto juu, na mchuzi unaonukia dagaa, maana kweli wanauchemsha na dagaa wakavu. Dada nilimficha hilo. Mzaliwa wa Mwanza kuvuka bahari kufuata harufu ya dagaa, angenisimanga mpaka Pasaka.

Lakini kabla bakuli halijafika, mhudumu aliniwekea glasi ya maji. Nikaficha mikono chini ya meza, nikangoja mpaka mzee wa pembeni alipoinua yake akanywa.