Safari ya Kimondo isiishe saa tisa alasiri

Mabasi ya shule yanayokunja kutoka barabara ya Mbeya–Tunduma kwenda Kimondo cha Mbozi hayanisumbui. Kinachonisumbua ni saa. Watoto hufika jua likiwa la utosi, hupangwa mstari, huambiwa kimondo kinakadiriwa kuwa na tani 16, kwamba zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma na kilichobaki zaidi ni nikeli. Wanaandika. Wanagusa, wanapiga picha, soda, basi. Giza linawakuta nyumbani. Wamekiona kitu kilichodondoka kutoka angani, anga lenyewe hawakulitazama.

Mwaka 2016, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ulipolifunika katikati ukaacha pete ya mwanga, Rujewa mkoani Mbeya ilifurika watu, wanafunzi wakiwa na miwani yao maalumu. Hamu ipo basi.

Wapo watakaosema tusubiri serikali ijenge kituo cha darubini kubwa. Sikubaliani nao. Kule Sutherland, Afrika Kusini, ipo SALT, darubini kubwa ya watafiti yenye kioo cha vipande 91 na upana wa kama mita 11, lakini hakuna mgeni anayeichungulia: mwanga wake huenda kwenye vifaa vya wataalamu. Usiku wageni hutazama kwa darubini ndogo zilizowekwa nje. Na Sutherland iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800 tu; sisi kwenye uwanda wa juu wa Kitulo tuna mita 2,600, bila taa za mji!

Mimi ningewapeleka watoto Kimondo Juni au Julai, kipupwe, kabla moshi wa kuchoma mashamba haujachafua anga. Mwezi uwe nusu, usiwe mpevu. Mwezi mpevu unapigwa na jua usoni, kwa hiyo hauna vivuli; ukiwa nusu, hata darubini ya macho mawili inaonyesha mashimo yake ukingoni mwa giza. Ukishazama, Nge, lile kundi la nyota, anaonekana mzima juu ya vichwa, na hapo mtoto hahitaji chombo chochote, anahitaji mkeka. Simu zizimwe, maana macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza. (Walimu ndio wabishi zaidi kwa hili.)

Wa darasa la kwanza na la pili waacheni, watasinzia kabla ya saa tatu. Kuanzia la nne ni sawa, ila kila mmoja aje na sweta na blanketi. Baridi ya huku mnaijua. Chai ya tangawizi ibebwe kwenye chupa, na ruhusa ya kubaki usiku iombwe mapema, si getini.