Hiyo Toi Yako

"Baba Zaina, leo hutuletei hiyo toi yako?" Ndivyo ninavyosalimiwa hapa steji ya boda ya Walukuba, Jinja, Uganda, tena na watu wazima wenye ndevu zao. Toi! Toi ni ile ya plastiki, mtoto anaivuta kwa kamba. Hii yangu ni gari dogo la mashindano, la kuendeshwa kwa rimoti, na ina kabureta. Ina klachi. Ina difu tatu, ya mbele, ya katikati na ya nyuma, wakati pikapu inayotuletea matoke sokoni ina moja tu na inafika. Ina breki ya diski, ina eksozi, ina shokomzoba nne zenye oili ndani. Na ina madeni, hayo ndiyo hawayaoni.

Mimi ni fundi wa boda, mchana kutwa nashinda na Boxer. Ile ni mashine ya mtu maskini na inalijua hilo. Unaipakia mama, watoto, jerikeni mbili na godoro juu, miezi inapita oili haijabadilishwa, siku ikigoma unafuta plagi kwa pindo la shati, inawaka. Injini ya sisi (cc) mia moja, kelele hakuna. Hili dubwana la kwangu lina sisi tatu na nusu, linazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na likikimbia dakika kumi mimi jioni nzima nipo chini nalifungua.

Halafu nashauriwa. Hapa Jinja kila mwenye kofia ya pikipiki ni injinia. "Si uweke petroli uchanganye na oili, kama ya msumeno?" Nimeeleza hadi ulimi umeota sugu. Injini hii haina koili, haina cheche. Plagi yake ina kawaya kembamba ka platini. Unakapasha kwa betri ya volti moja na nusu mpaka kawe kekundu, injini ikiwaka unaondoa betri, na kutoka hapo mgandamizo na ile methanoli inayogusana na platini vinatosha kukaweka moto. Petroli haina mapatano hayo na platini. Kwa hiyo inakunywa methanoli, naitromethani na oili, mchanganyiko ambao hutaupata kwenye pampu yoyote kuanzia Malaba hadi Kampala. Kwa bei ya lita moja nakaribia kujaza tangi la Boxer. Na tangi la hii ni mililita 125, ndiyo sheria ya mashindano ya kimataifa. Mimi nashindana na mbuzi wa Masese, lakini sheria ni sheria. Hizo mililita hazijazi kikombe cha chai, na kabla hujamaliza kujisifu zimekwisha.

Siku moja utingo wa lori alinusa chupa, akasema hiyo ni waragi, ile pombe yetu kali, nionjeshe. Hapo ndipo sichekagi. Methanoli inapofusha na inaua. Mwaka 2010 kule Kabale watu wengi walizikwa kwa sababu ya waragi iliyotiwa methanoli. Chupa yangu inalala ndani ya sanduku la chuma, limefungwa, na juu nimechora fuvu la kichwa. Zaina akaliongezea masharubu.

Kuiwasha nako ni kesi. Haina kiki. Kuna kisanduku chenye mota na kigurudumu cha mpira, unaikalisha gari juu yake, kigurudumu kinaisukuma flaiwili kwa chini. Kisanduku kinataka volti 12, na volti 12 za nyumba yetu zote ziko kwenye betri moja ya sola. Umeme ukikatika utasikia sauti kutoka ndani.

"Baba Zaina, taa!"

"Dakika moja tu, Mama Zaina."

"Ya taa au ya gari?"

Kuna maswali mwanamume hajibu.

Ikiwaka, balaa linahamia kwenye skrubu za kabureta. Kuna ya kasi kubwa, ya kasi ndogo na ya sailensa, yaani ya kuunguruma gari likiwa limesimama. Ukibana ile kubwa mafuta yanapungua, gari linaimba vizuri ajabu, joto linapanda, na kwa kuwa oili ya injini iko humohumo ndani ya mafuta, nayo imepungua: kwaheri pistoni. Ukifungua, linatoa moshi na kukohoa njia nzima. Kati ya wimbo na kikohozi ni robo ya nusu mzunguko wa bisibisi. Kitabu chake kimeandikwa na mtu anayekaa usawa wa bahari. Sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima ubane zaidi ya kitabu kinavyosema, na nguvu zilizopotea kwa mwinuko hakuna skrubu ya kuzirudisha. Asubuhi unyevu wa ziwani, mchana jua, saa kumi mvua, na kila hali ya hewa inataka bisibisi yake. Boxer ikinyeshewa, hunyeshewa dereva tu.

Joto napima kwa mate. Msinitazame hivyo, ni elimu ya zamani. Tone likitulia juu ya kichwa cha injini, likachemka taratibu na kukauka baada ya sekunde tatu nne, mambo safi. Likiruka na kutoweka palepale, zima. Injini yenyewe inafurahi ikiwa na nyuzi 100 na ushee. Kijana mmoja wa steji alinionea huruma, akaniletea kile kipimajoto cha bastola kilichobaki tangu Korona, cha kupimia mapaji ya uso. Kikaelekezwa, kikalia, kikaandika neno la Kizungu la kukata tamaa. "Mzee, huyu ana homa kali," akasema. "Muwahishe kliniki."

Na lile vumbi letu jekundu la moramu! Boxer inalimeza na kwenda zake. Kwangu, chembe ikipenya chujio imeshaanza kusaga silinda. Chujio lenyewe ni sponji ya tabaka mbili: unaiosha, unaikausha, unaipaka oili, unaikamua, kila ukicheza. Hajati, mwenye nyumba wetu, alizikuta kwenye kamba ya nguo akaniuliza ni mtoto gani anayevaa kofia ndogo hivyo. Usiku kabla ya kulala, mafuta yaliyobaki lazima yachomwe yaishe na matone ya oili yatiwe ndani, maana methanoli huvuta unyevu na beringi zikilala nao zinaamka na kutu. Mimi mwenyewe nalala sijapakwa chochote.

Difu sizisemei sana. Mbele mafuta ya silikoni ya 5,000, katikati 7,000, nyuma 3,000; hizo si bei, ni uzito wa mafuta, yaani yanavyomiminika kwa shida. Ile 7,000 inamiminika kama asali, kisha unaketi kungoja mapovu yapande yenyewe. Kuna aliyenishauri niweke samli. Nilimwombea dua.

Sasa mwezi huu pistoni imefika mwisho. Pistoni hizi hazina ringi: ni aluminiamu ndani ya silinda ya brasi iliyopakwa kromu, na silinda imefanywa nyembamba kule juu. Ikiwa mpya inabana hadi ukiizungusha kwa mkono inalia, na steji nzima inatangaza kwamba imenoki. Haijanoki. Ikipata moto silinda inapanuka, kule kubana kunakwisha, inateleza. Siku utakapoona haibani hata ikiwa baridi, tafuta hela. Itawaka vizuri asubuhi, ikichemka inazima, na haitakubali tena mpaka ipoe.

Seti mpya ilitoka ng'ambo na bei yake, ikafika kwangu na bei ya kila aliyeishika njiani. Nikatandika khanga kuukuu barazani, nikapanga vitu: silinda, pistoni, mkono wake, pini, na klipu mbili. Klipu ni kiduara cha waya, ukikiweka kwenye ukucha wa kidole kidogo kinabakiza nafasi. Unakibana kwa koleo ya mdomo mwembamba, unakisukuma kwenye mfereji uliomo ndani ya pistoni, ili pini isije ikatembea na kukwaruza silinda yako ya gharama. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikasema ting!

Tukaitafuta. Mimi kwa magoti, Zaina kwa tochi ya simu, vijana wawili wa steji kwa maoni.

"Baba," akasema Zaina, "kuku kadonoa kitu."

"Kuku gani?"

"Wa Hajati. Yule mwekundu."

Bila hiyo klipu injini haiendi popote, na klipu nyingine ziko ng'ambo ya bahari. Nikavaa shati, nikaenda.

"Salaam aleikum, Hajati."

"Aleikum salaam. Umeleta kodi?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya kuku."

"Huyo mwekundu? Huyo anataga, mwanangu."

"Najua."

"Anataga kila siku. Mayai yake ya mpaka Idi nimeshayapigia hesabu."

Nikanunua kuku pamoja na mayai ambayo hayajazaliwa. Akachinjwa kwa bismillahi, na firigisi, ambayo kwa desturi ni haki yangu, ikapasuliwa mezani mbele ya mashahidi. Humo ndani mlikuwa na kokoto, kigae cha chupa ya soda, na nati ya milimita tatu niliyoitafuta tangu Ramadhani. Klipu hakuna.

"Basi atakuwa yule mweupe," akasema Zaina, mdomo umejaa paja. "Walikuwa wawili."

Hajati amesikia. Tangu asubuhi kuku wake wote wamefungiwa bandani, yeye kaketi mlangoni na tasbihi, na kila nikipita kwenda msalani ananikumbusha kwamba mweupe anataga mayai ya viini viwili.