Wanafunzi wa Shule za Kikatoliki Mombasa: Je, Kutoa Msaada Kunatosha?

Mfungo wa Kwaresima unapokaribia mwisho, wanafunzi wa shule nyingi za Kikatoliki hapa Mombasa huchanga unga, mchele, sabuni na taulo za hedhi, kisha hupanda basi la shule na kuvipeleka kwenye makao ya watoto au katika mitaa maskini kama Bangladesh, kule Mikindani. Wapo walimu na wazazi wanaoona kwamba huo ndio wajibu wa Mkristo na kwamba umetimizwa. Wengine wanasema kwamba mwanafunzi asiyeuliza kwa nini mtaa huo hauna maji wala vyoo amefundishwa nusu tu ya imani yake.

Upande wa kwanza una hoja nzito. Mwenye njaa leo hawezi kungoja sera ibadilike, na katika Mathayo 25 Kristo anasema wazi kwamba aliyemlisha na kumvika mhitaji amemlisha na kumvika yeye. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa kwanza wa mwaka 2005, aliandika kwamba hata katika jamii yenye haki kuliko zote upendo utahitajika daima. Kwa Mombasa kuna jambo la ziada: madarasa ya shule hizi yana Waislamu wengi, na sadaka ni lugha ambayo wote wanaielewa. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa tofauti ya siku chache tu, wakawa wanafunzi wa dawati moja wanafunga pamoja. Umoja wa namna hiyo haupatikani kwa hotuba.

Hata hivyo, namna utoaji huu unavyofanyika inatia wasiwasi. Picha za watoto wanaopokea magunia husambazwa kwenye mitandao, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Injili yenyewe inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Zito zaidi ni suala la makao yenyewe. Kenya ilizindua mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia, kwa sababu wengi wao wana ndugu walio hai na kilichowatenganisha nao ni umaskini. Tukiendelea kupeleka misaada kwenye makao peke yake, bila kumuuliza nyanya anayemlea mjukuu wake Likoni anahitaji nini, tunaweza kuimarisha utengano uleule unaotuhuzunisha.

Hapo ndipo upande wa pili unaponishawishi zaidi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitamka kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya msingi ya kuhubiri Injili, na vyama vya wanafunzi Wakatoliki vimezoea kwa miaka mingi utaratibu wa kuona, kuamua na kutenda, yaani kutazama hali ilivyo, kuipima kwa mwanga wa imani, kisha kuchukua hatua. Mfano uko karibu nasi. Mtaa wa Owino Uhuru, huko huko Mikindani, ulichafuliwa kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na watoto wakaugua. Hakuna kapu la chakula ambalo lingeondoa sumu ile katika udongo. Kilichohitajika ni wakazi kuungana, wakiongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi kiwandani na mtoto wake akadhurika. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Mwanafunzi anayeifuatilia kesi hii hatua kwa hatua hujifunza kemia, sheria na mafundisho ya jamii ya Kanisa kwa pamoja.

Wazazi wanaoogopa hawakosei. Baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya Juni 2024, mzazi ana haki ya kuuliza iwapo mwalimu atampeleka mtoto wake barabarani, au atamtumia kusukuma siasa zake binafsi. Lakini kudai haki kuna njia nyingine. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, na kidato kizima kinaweza kurekodi ni siku gani maji hutoka katika mtaa fulani, kisha kupeleka rekodi hiyo kwenye bunge la kaunti wakati wa kujadili bajeti, wakiwa na wakazi wenyewe. Mtaala mpya wa shule za upili za juu, ulioanza mwaka 2026, umeweka mafunzo ya huduma kwa jamii ratibani, ingawa yatapoteza maana yakigeuka kuwa jambo la kutafutia alama.

Kuna swali moja ambalo pande zote mbili hulikwepa. Baadhi ya wanafunzi wanaoambiwa walete pakiti ya unga wanatoka Bangladesh na Likoni wenyewe, na anayekosa mchango huaibika mbele ya wenzake. Shule inayomrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya karo, kisha Ijumaa ileile ikapakia basi misaada ya kupeleka kwingine, ina kazi ya haki inayoingojea katika ofisi yake ya uhasibu.